Mwanyumba na Herufi Kubwa

Jumatatu, 3 Machi
Mwanyumba kasifiwa tena! Haikumtosha kumwoa dada wa mke wangu. Sasa kaajiriwa ofisini kwetu, meza yake inatazamana na yangu. Leo programu yake ya kutafuta majina ya wagonjwa imeanza kazi hospitalini. Meneja akasema huyu ni hazina. Na mimi je, vumbi? Jioni mama mkwe akanipigia simu. Eti nimfikishie mwenzangu pongezi.

Jumanne, 4 Machi
Nimeichungulia programu yake. Ujanja wote ni mstari mmoja! Unaiambia kompyuta isijali herufi kubwa au ndogo inapolinganisha majina. Andika MAMA, andika mama, ni yuleyule. Hilo ndilo la kuvimbia kichwa? Nimeufuta. Kimya kimya.

Jumatano, 5 Machi
Raha! Hospitali wanalalamika: wagonjwa hawaonekani. Mwanyumba jasho linamtoka. Nikampa pole, kwa uchungu mpaka karibu nijiamini.
Kisha mke wangu akapiga simu, analia. Mama yake apasuliwe jicho leo, daktari bingwa anaondoka jioni, na karani anasema jina halimo. Nikajua mara moja. Mama mkwe alijiandikisha mwenyewe kwenye simu, kwa herufi kubwa tupu. Karani anatafuta kwa ndogo, hazilingani.
Maji shingoni! Nikisema, najianika. Nikinyamaza, mama wa watu anapofuka. Nikamwendea mwanyumba, nikamnong'oneza atazame habari ya herufi kubwa na ndogo. Akajipiga paji la uso, akaurudisha mstari. Jina likaibuka. Mama akaingizwa chumba cha upasuaji.


Ijumaa, 7 Machi
Bandeji imetolewa. Anaona! Tulimzunguka kitandani, dada wawili wanafuta machozi. Mwanyumba, muungwana huyo, akatangaza kuwa aliyegundua kosa ni mimi. Nikainamisha kichwa, tayari kwa sifa.
Mama mkwe akamshika mkono. Yeye, si mimi! Akasema, "Mwanangu, una roho ya ajabu. Hata sifa zako unamgawia mwenzio!"

Jumatatu, 10 Machi
Mwanyumba kapandishwa cheo. Ndiye mkuu wangu sasa. Nimeichungulia programu tena. Herufi kubwa na ndogo, sawa, haibabaiki. Lakini ukiacha nafasi tupu mwishoni mwa jina, inapotea njia kabisa!
Nimewapigia ndugu wote wa mke wangu kuwajulia hali. Wote wazima, hakuna anayeumwa hata kidole.
Naanza kesho.