Ombi la Kumhamisha Mkuu Mpya wa Masjala

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Utumishi,

Barua hii ilipaswa kupitia kwa mkuu wangu wa kazi. Haikupitia, kwa kuwa ndiye ninayemlalamikia, na angeisoma siku hiyohiyo.

KUHUSU: KUHARIBIKA KWA UTARATIBU KATIKA MASJALA YA ARDHI

Naandika kwa unyenyekevu, nikiwa karani wa masjala kwa mwaka wa ishirini na sita sasa. Sijawahi kupewa onyo, wala kuharakishwa. Miezi miwili iliyopita mlituletea mkuu mpya, binti wa miaka thelathini na kidogo, ambaye wananchi wamempachika jina la Dada Upesi. Sina ugomvi naye. Ananiamkia kila asubuhi na ananiita baba. Lakini yaliyotokea tangu aingie siwezi kuyanyamazia.

1. Siku yake ya kwanza alifungua makabati. Yote. Moja lilikuwa halijafunguliwa tangu ufunguo wake upotee, naye akamwita fundi, akalivunja kitasa. Ndani mlikuwa na mafaili mia mbili na kumi ambayo tulikwisha kuwaeleza wenyewe, kwa maandishi na muhuri, kwamba yaliungua. Sasa ofisi inaonekana ilisema uongo, aibu ambayo isingetupata kama angeliacha kabati la watu.

2. Ameifuta saini ya nne. Miaka yote kila faili lilipaswa kupita kwa Afisa Uhakiki wa Awali, chumba namba kumi na mbili. Ni kweli cheo hicho kilifutwa miaka minane iliyopita, na chumba chenyewe kina mashine ya fotokopi. Lakini hakuna waraka uliotuagiza tuache kupeleka mafaili. Tarishi aliyapeleka kila Jumatatu, akayapanga juu ya mashine, akayarudisha Ijumaa yakiwa hayajasainiwa, nasi tukamwambia mwananchi ukweli mtupu: bado halijasainiwa. Binti huyu akaenda hadi mlangoni, akamuuliza tarishi mbele za watu, "Humu anakaa nani?" Tarishi, mtu mzima mwenye wajukuu, akajibu, "Mashine, bosi." Ofisi nzima ikacheka. Mimi sikucheka.

3. Kuna mwalimu mstaafu aliyekuwa akija kwetu kwa miaka sita, kuomba iondolewe herufi moja iliyozidi kwenye jina lake katika hati ya kiwanja. Kwa muda huo alishakuwa kama mwenzetu. Akiwa pale benchini alitusahihishia barua za ofisi, akatufundisha mahali pa kuweka mkato. Binti alimhudumia kwa dakika kumi na tisa, nilitazama saa. Mwalimu akaipokea hati, akaisoma, akaketi tena na kulia kwa sauti. Nikamsogelea nikamwambia, "Mwalimu, jikaze, hapa ni ofisini." Akaniuliza, "Ina maana zilikuwa dakika kumi na tisa tu?" Swali lile sikulipenda. Hajarudi tena, na Mheshimiwa utaiona, mwenyewe hali ya mikato, katika barua hii.

4. Heshima imekwisha. Zamani mtu akifika dirishani kwangu alianza kwa shikamoo, akaniulizia mgongo wangu, akaniulizia wa nyumbani. Ikifika mwezi wa tatu wa kusubiri, wengine walileta trei ya mayai kwa hiari yao wenyewe. Siku hizi mtu anaingia, anahudumiwa, anaondoka. Wiki iliyopita mama mmoja alichukua hati yake, hata sura yangu hakuijua.

5. Benchi ni tupu. Mkaguzi akija leo atadhani hatuna kazi. Nilipomweleza binti hatari hiyo, alinijibu kwa upole, "Baba, si ndiyo maana yake?" Nimelitafakari jibu hilo siku tatu, nikaona ni utovu wa nidhamu.

Kwa hayo machache, naomba ahamishiwe Kitengo cha Maboresho ya Utawala, kilichopo ghorofa ya saba. Nakifahamu vizuri. Tangu kianzishwe hakijawahi kumbughudhi mtu yeyote, na lifti haifiki huko. Kipaji chake kitakuwa salama, nasi pia.

Nisalimie sekretari wako, dereva wako, na yule mlinzi wa getini aliyeniambia nirudi kesho nilipoileta barua hii kwa mkono.

Wako mtiifu kazini,
Karani Mwandamizi, Dirisha Namba Moja

Nyongeza: Mlinzi aliponirudisha, nilifika ofisini nikamkuta mama yangu mzazi anatoka. Miaka tisa alikuwa akifuatilia hati ya kiwanja alichoachiwa na marehemu baba, nami kila nikienda nyumbani nilimwambia inashughulikiwa, kwa kuwa sikutaka kuonekana napendelea ndugu. Safari hii alikuja bila kuniambia, wala hakujitaja ni mama wa nani. Binti alilitafuta faili lake kila mahali, akalipata kitini kwangu, kati ya mafaili manne niliyoyaweka chini ya mto kwa sababu kiti ni kifupi. Mama akaniambia, "Mwanangu, kumbe ulikuwa umenikalia." Tangu juzi nafanya kazi kidevu kikiwa usawa wa meza.

Naomba barua hii msiishughulikie. Mama anarudi Jumatatu. Amesema anakuja kumsalimia binti yake, na mimi kwa mama nilizaliwa peke yangu.