Salamu za Mama Meneja kwenye spika ya ukumbini

Jamani, leo nimevuliwa nguo hadharani. Na aliyenivua ni mimi mwenyewe, kwa sauti yangu mwenyewe, kwenye spika niliyoifunga kwa mikono yangu mwenyewe.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi wa kompyuta kwenye SACCOS moja hapa Dodoma (jina silitaji, aibu yangu inatosha). Bado niko kwenye majaribio. Wiki hii ndiyo Mama Meneja anaamua: asaini mkataba wangu, au nirudi Mpwapwa kwa wazazi nikachunge mbuzi.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Tuna programu ya kuita wateja. Mhudumu wa dirishani akibonyeza, ujumbe unapita kwenye mtandao, spika ya ukumbini inasema, "Mteja namba fulani, dirisha fulani." Iliandikwa zamani na jamaa aliyenitangulia, na ilizoea kompyuta zenye mfumo wa Linux. Ile kompyuta yake imekufa kwa vumbi, zimeletwa mpya, zote Windows. Programu ikagoma. Ugomvi wote uko kwenye soketi, yaani ule mlango ambapo programu hukaa ikisubiri wengine wapige hodi. Linux unafungua mlango, yameisha. Windows ina adabu zake! Kabla hujagusa chochote lazima kwanza uuamshe mtandao rasmi, kama mkwe anayesubiri shikamoo. Hata kufunga mlango kuna amri yake tofauti.

Mama Meneja alitaka kuita kampuni kutoka Dar. Nikamwambia, "Mama, hiyo kazi ndogo sana. Niachie mimi." (Mdomo huu, mdomo huu!)

Nikabadilisha hapa, nikabadilisha pale. Mistari ya programu iliyonyamaza bila kulalamika sikuigusa. Nani anakwenda kumchokoza aliyetulia?

Jana jioni watu wametoka, nikajaribu. Sauti rasmi ni ya Rehema wa dirisha la kwanza, lakini nilikuwa bado sijaiingiza, nikajirekodi mimi. Namba moja nikaisema kwa heshima kabisa. Namba mbili njaa imeanza. Namba tatu... namba tatu tutaifikia. Nikasikiliza, nikacheka peke yangu, nikazima skrini, nikaenda zangu nyumbani Area D nikalala usingizi wa mshindi.

Skrini, jamani. Nilizima skrini. Programu yenyewe, ambayo haina sura na inafanya kazi kimyakimya nyuma ya pazia, niliiacha macho.

Asubuhi ukumbi umejaa. Wastaafu, wakulima wa alizeti, kina mama na pochi zao. Mama Meneja kasimama chini ya spika, kitenge kimepigwa pasi. Nikaingiza sauti ya Rehema, nikawasha programu upya. Ikawaka bila neno. Nikampa Rehema ishara, akabonyeza.

"Mteja namba moja, tafadhali fika dirisha la kwanza."

Sauti yangu!

"Mbona ni wewe?" akauliza Mama Meneja. "Si ulisema ya Rehema?"

"Ya muda tu, mama." (Jasho la kwanza.)

Dirisha la pili nao wakabonyeza.

"Namba mbili, dirisha la pili. Changamka basi, njaa inaniuma."

Ukumbi ukacheka. Mama hakucheka. Hapo nikakumbuka namba tatu inasema nini. Nikarukia kompyuta nikaifunga programu. Nimeiona ikifungwa kwa macho yangu haya mawili!

"Nimezima, mama."

Dirisha la tatu wakabonyeza.

"Namba tatu! Dirisha la tatu. Halafu mteja wangu, nina ombi. Ukimwona Mama Meneja mpe salamu zangu. Mwambie asaini mkataba wangu, la sivyo nitawaambia watu kwamba kile kikao chake cha mchana cha kujifungia mlango ni usingizi, na anakoroma mpaka printa inashtuka."

Nikachomoa waya wa spika, lakini cha kuchomoa kilikuwa kimeshatoka.

Namba tatu akainuka. Mzee wa Kondoa, kofia safi, kikaratasi mkononi. Hakwenda dirishani. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Meneja.

"Shikamoo mzee," akasema Mama, kwa sauti ndogo.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye Meneja?"

"Ndiye mimi."

"Unasalimiwa. Nimeagizwa nikuambie usaini mkataba. La sivyo, ile habari ya kukoroma..."

"Hiyo nimeisikia, mzee."

"Hapana, mama. Ujumbe ni amana. Lazima niufikishe wote."

Akaufikisha wote. Pamoja na printa. Rehema alikuwa ameinama chini ya meza, mabega yanatikisika.

"Na aliyekutuma unamjua?" akauliza Mama.

"Simjui. Sauti yake tu ndiyo naijua."

Nami, kwa akili zangu timamu, nikafungua mdomo. "Mama, naomba nieleze..."

Mzee akageuka kwa furaha. "Ndiye huyu!"

Ukumbi ulipasuka. Kuna bibi alishikilia benchi asianguke.

"Basi mzee, naomba umrudishie jibu," Mama akasema, huku mimi nimesimama hapo hapo pembeni yake. "Mwambie nitasaini siku spika itakapoacha kusema ya kwake. Mpaka hapo, wateja atawaita kwa mdomo. Sauti anayo."

Mzee akanigeukia, akanifikishia neno kwa neno.

"Nimesikia mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa, dirisha la tatu ni lipi?"

Nikampeleka mwenyewe.

Basi nimeshinda ukumbini nikipaza sauti kama mnadani, na katikati ya namba natafuta kosa. Nimelipata! Ni mstari mmoja kati ya ile iliyonyamaza, unaosema, "Mlango huu uliwahi kutumika, niruhusu niutumie tena." Linux huelewa kwamba mwenzako ameshatoka; kama bado yumo, unakataliwa. Windows huelewa ingia tu, hata kama mwenzako amekaa ndani. Kwa hiyo programu zilikuwa mbili mlangoni, ya jana na ya leo, na hodi zote alizipokea yule wa jana. Mimi nilikuwa namfungia nje asiye na hatia.

Nimeubadilisha, na yule wa jana nimemzima. Nimeiwasha mara mbili, ya pili imekataliwa. Spika inaita kwa sauti ya Rehema tu, safi! Nikakimbia kwa Mama Meneja kumwambia asaini.

Mlango umefungwa. Yuko kwenye kikao.

Nimesimama hapa nje na mkataba wangu, na printa imeshtuka mara mbili. Tafadhali, mkicheka, chekeni taratibu. Mkimwamsha, nahesabu mbuzi.