Mkaguzi wa Vyoo wa Nyumba Kumi

Jumatatu, 2 Julai 1973

Ukungu tangu asubuhi. Mafua. Lakini siku njema mno! Kwenye kikundi cha redio, baada ya kipindi cha Mtu ni Afya, balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Omari, aliomba mtu wa kujitolea kuhesabu vyoo. Wote wakainama kutazama viatu vyao, hata wasio na viatu. Nikanyoosha mikono yote miwili.

Wakasema Tobia ana uzalendo. Kweli ninao. Unakaa nyumba ya saba na jina lake Jenoveva. Miezi minne nakwenda pale, na miezi minne mama yake ananiketisha uani kwenye kigoda, baridi inanitafuna, kisha ananiaga. Hezekia, mpasua mbao wa Magamba, anaingizwa hadi jikoni na kupewa chai! Posa itafika vipi ndani kama mwenyewe sifiki?

Mzee Omari alinipa daftari na kusisitiza: piga hodi, hesabu ukiwa nje, ondoka. Nilimsikia. Kukubali ni jambo jingine.

Jumanne, 3 Julai

Nyumba nne leo. Cheo kitamu! Kwa Athumani nilihesabu vyoo (kimoja), kisha vitanda (vitatu). Akauliza kitanda kinahusiana nini na choo. Nikamjibu kwamba mtu ni afya.

Kwa Rajabu nilifunua chungu, kuhakikisha maji yanachemshwa. Nyama! Siku ya Jumanne! Na juzi tu alitulilia kwamba hali yake mbaya. Nikaandika. Jioni mlima mzima ulikuwa na habari ya nyama ya Rajabu. Mimi sikumwambia mtu. Nilimwambia Mwanaidi wa dukani tu.

Alhamisi, 5 Julai

Siku ya soko, kwa hiyo Mama Jenoveva angekuwa Lushoto na kabichi zake. Ndiyo maana niliichagua. Mpango: choo chao nikipe alama mbaya, halafu nirudi kila siku kutoa ushauri wa kitaalamu. Nilivaa tai.

Nikapiga hodi mara tatu. Kimya. Mtu mwenye adabu hapo huondoka. Mimi nilikuwa kazini kwa taifa. Nikaingia jikoni. Vikombe viwili mezani! Viwili! Kimoja kikubwa. Nikaandika.

Kisha chooni. Kwetu vyoo havina milango, vina gunia tu, kwa hiyo unakohoa nje, na aliye ndani anakohoa. Nikakohoa, na kwa mafua haya nilikohoa vizuri sana. Hakuna jibu. Nikafunua gunia.

Mama Jenoveva! Hakwenda sokoni!

Nikasema shikamoo.

Ningefanya nini? Nimelelewa. Hakuitikia. Tangu nizaliwe sijanyimwa marahaba. Alichosema badala yake alikisema kwa Kishambaa, na sitakiandika. Baadaye alimweleza Mzee Omari kwamba alinisikia, ila alidhani akinyamaza nitaondoka. Hanijui.

Jumamosi, 7 Julai

Saba Saba. Ngoma, hotuba, bendera. Kila niliyepishana naye alikohoa. Hata kwaya.

Mzee Omari akaniita pembeni. Mama Jenoveva anataka mbuzi mmoja wa kufuta aibu, yaishe. Nikakataa! Nilimweleza kwamba huu ni Ujamaa, vya mmoja ni vya wote, na choo nacho kimo. Akasema yeye ana kadi ya TANU tangu mwaka hamsini na tano na hilo hajalisikia. Akasema basi twendeni kwa hakimu. Twendeni! Sheria itanisafisha, na Jenoveva atanisikia nikijitetea.

Jumanne, 10 Julai

Mahakama ya mwanzo. Tai tena.

Hakimu alifungua kitabu. Kuingia kwa mtu bila idhini na kumuudhi ni kosa. Kuingilia faragha ya mwanamke kuna kifungu chake peke yake. Nikauliza kama kampeni ya afya haibadilishi kitu. Akasema hata polisi wakija kupekua nyumba huja na hati, mimi nimekwenda na tai. Watu wakacheka, nami nikatabasamu kidogo, maana tai ni nzuri.

Nikasema nilipiga hodi. Akauliza kama niliambiwa karibu. Sikuambiwa. Nikasema nilikohoa pia. Akauliza kama nilikoholewa. Hapana. Akasema basi nilijibiwa mara mbili.

Akataka daftari lisomwe. Nikaruka! Nikamwomba mheshimiwa asiruhusu, yale ni mambo yangu binafsi. Sijui kwa nini walicheka vile. Lilisomwa lote, vitanda, nyama, vikombe, na Athumani na Rajabu wameketi mstari wa mbele.

Kisha akasimama Jenoveva. Akaeleza kwamba siku ile alikuwa chumbani, alizisikia hodi zote tatu, akanyamaza kwa makusudi. Kama anavyofanya siku zote. Hilo liliniuma. Hukumu haikuniuma hivyo: mbuzi, kuomba radhi hadharani, na onyo nisikanyage tena nyumbani, uani, jikoni wala chooni kwao.

Ijumaa, 13 Julai

Mbuzi ameliwa. Hezekia alipewa paja. Wanasema mshenga wake anakuja leo jioni, na mimi sitalala bila kujua jibu.

Kwa hiyo nimeitafakari sheria, kwa makini kuliko hakimu. Nyumba, ua, jiko, choo. Mti hakuutaja! Mpeasi wa Athumani uko nje kabisa ya mpaka wao, na kutoka tawi la tatu jiko lote linaonekana. Sikumwomba Athumani ruhusa, sikutaka kumsumbua. Nilileta ngazi yangu mwenyewe. Ninaandika nikiwa juu.

Mshenga ameingia. Wanacheka. Jenoveva amevaa kitenge kipya.

Chini, Athumani anamuuliza mkewe nani kaegemeza ngazi kwenye mti wao. Mkewe hajui. Athumani anaichukua. Anaondoka nayo! Nikimwita, atajua niko hapa.

Si kitu. Nitakaa hadi Jumapili wakienda kanisani. Na tawi la nne, nikijivuta kidogo, nadhani linaonyesha hadi chumbani.