Ufunguo wa Kigango Chetu

Jumatatu, 23 Juni 1986
Mzee Muthamia amehamia Embu kwa binti yake. Kiti cha mwenyekiti wa kigango chetu kiko wazi! Padre atamtaja mwingine Jumapili, sikukuu ya Petro na Paulo. Riungu wa ng'ombe wa maziwa ameshaanza kusalimia watu kila mahali. Mimi nimekingoja kiti hicho miaka kumi na moja.

Jioni, sala ya jumuiya. Katekista wetu, Marcella, alisoma Mathayo 16. Yesu anamwambia Simoni kwamba yeye ni Petro, yaani mwamba, na juu ya mwamba huo atalijenga Kanisa lake. Kisha anamwahidi funguo za Ufalme. Mvuvi! Na tangu hapo Papa baada ya Papa, mpaka leo. Machozi yalinilengalenga, kusema kweli.

Nikiwa bado nafuta macho, wazo likaja. Kanisa la kigango lina ufunguo mmoja tu.

Jumanne, 24
Nilimwomba Marcella ufunguo, eti nitie kufuli mafuta. Akanipa papo hapo! Akaniongezea Isaya 22: Eliakimu, msimamizi wa nyumba ya mfalme, aliwekewa ufunguo begani. Ni cheo cha kurithiwa, alisema, ndiyo maana Petro naye ana waandamizi. Mambo yamepangwa yakapangika! Kuna na Shebna, msimamizi aliyemtangulia, aliyeondolewa kwa kiburi. Hapo sikusikiliza sana.

Nimeushona ufunguo kwenye bega la koti. Nimezunguka soko la Nkubu mara mbili. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Ijumaa, 27
Kumbe mwenye ufunguo ndiye mwenye ufagio! Kufungulia kwaya, kufagia mavi ya popo, kuteka maji. Mgongo umekwisha. Riungu alipita akaomba kunibebea ndoo. Nikakataa katakata. Mimi si mjinga, najua anachotaka.

Jumamosi, 28
Nimeufumua ufunguo, nimeuficha ndani ya kibuyu kitupu jikoni. Riungu atafute mpaka achoke!

Jumapili, 29
Ole wangu! Nimeamka, kibuyu hakipo. Mke wangu Kiende alikijaza uji alfajiri akaupeleka kwenye karamu ya sikukuu. Watu wote nje, mlango umefungwa. Marcella akaniuliza, Baba Makandi, ufunguo uko wapi. Nikasema sijui. Mama mmoja wa kwaya akauliza. Sijui. Padre mwenyewe akauliza. Nikaapa sijawahi hata kuuona, na nyuzi bado ziko begani! Jogoo wa jirani akawika. Misa ikasomwa nyasini.

Karamuni Kiende akamimina uji. Ting! Kikombeni mwa Riungu. Padre alicheka mpaka akaketi. Kisha akasema alikuwa ameshaamua tangu wiki jana: mwenyekiti ni Riungu, anayewapelekea wagonjwa maziwa kila asubuhi bila kuombwa. Nikapiga makofi. Yaliniuma mikono.

Jumatatu, 30
Padre amekuja nyumbani. Hakunigombeza. Alinisomea Yohana 21: Petro, aliyemkana Bwana mara tatu, anaulizwa mara tatu kama anampenda, na kila mara anaambiwa awalishe kondoo. Alianguka vile, na bado akakabidhiwa kundi zima! Nililia kama mtoto. Sijawahi kumpenda Petro namna hii. Hata Kiende alijifuta macho kwa leso.

Padre alipoondoka nikakaa, nikafikiri. Riungu ana ng'ombe saba. Kondoo hana hata mmoja!

Kesho mapema niko sokoni. Nitaanza na watatu.