Wiki Moja na Saa ya Baba Mkwe

Jumapili, 3 Machi

Leo nyota yangu imewaka. Baba mkwe anastaafu! Duka lake la samani linataka meneja, na tuko wawili tu: mimi, na mwanyumba wangu, mume wa mdogo wake mke wangu. Namwita Mbiombio. Hajui.

Baba ana ugonjwa wa saa. Kabati zima la kioo, saa kumi na nane, kila moja bei ya kiwanja. Sasa muuza saa amemwazima mbili azijaribu kabla ya kununua moja: ya uso mweusi na ya uso mweupe. Sisi wakwe tuzivae wiki nzima, kisha tumshauri ipi inamfaa. Mwenye jicho la saa, kasema, ana jicho la duka. Nikadakia kwamba mimi saa nazijua tangu utotoni. Uongo mtupu. Nimepewa nyeusi.

Alieleza pia kwamba haina betri, inajitia ufunguo yenyewe mkono unapotikisika. Sikusikiliza sana. Nilikuwa nalitazama paja la kuku la mwisho.

Jumanne, 5 Machi

Saa imesimama! Mbiombio, mpeleka samani wa duka, anapanda ngazi na makabati mgongoni, nyeupe yake inakwenda tu. Mimi ni mtunza stoo. Kazi ya akili. Naifanya nikiwa nimeegemea sofa, macho nimefumba ili nifikiri vizuri.

Mke wangu kacheka mpaka akashika ukuta. Kasema saa imekaa nami siku mbili tu na imeshanijua, baba yake ana miaka tisa nami na bado hajanijua.

Jumatano, 6 Machi

Akili ni mali. Nimeifunga saa kwenye panga la feni ya stoo, kasi ya chini kabisa, nikajilaza. Kuna mtu akaongeza kasi. Mbiombio, nani mwingine! Kuamka, feni tupu.

Nimepekua kila pembe. Ndipo nikang'amua kwamba sofa la kijani, lililokuwa karibu na feni, halipo. Limeuzwa nikiwa nimelala juu ya jirani yake. Nimelifukuza gari la mizigo mitaa minne. Mkono ulitikisika vizuri sana, ila haukuwa na saa.

Mnunuzi ni mwalimu mkuu mstaafu. Nikajitambulisha kuwa mkaguzi wa mito ya sofa. Akauliza inakaguliwaje. Nikamwambia kwa mkono, mpaka kwenye kiwiko. Saa ilikuwa chini kabisa kwenye springi. Nzima! Akataka nimwandikie ripoti. Nikatoka mbio. Usiku nikamsimulia mke wangu yote.

Alhamisi, 7 Machi

Mke wangu anaoka mikate ya kuuza. Kukanda tangu alfajiri, mkono haupoi. Nimemvalisha saa, nikamwambia inampendeza. Kanitazama sana, lakini hakuivua. Inakwenda! Mchana nimelala usingizi wa haki.

Jumamosi, 9 Machi

Sebuleni kwa Baba. Mbiombio akasema nyeupe ni nzuri, basi, akakaa. Hana lugha. Mimi nikasimama: nyeusi hii ni saa ya mchapakazi, imekunywa jasho langu!

Baba akavaa miwani, akaigeuza. Kwenye kifungo cha mkanda, donge la unga mkavu. Akauliza tangu lini nakanda. Nikasema ni vumbi la stoo. Akalionja. Hamira, akasema.

Kisha akaongeza kwamba kuna mwalimu kapiga simu dukani, anauliza mkaguzi wa mito atarudi lini kukagua na viti. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu haikufika hata mlangoni. Mke wangu akaulizwa, akamwaga yote, feni na yote. Nilitamani sakafu inimeze.

Baba kanunua nyeusi. Saa iliyorushwa, ikakaliwa, ikakandwa, na bado inakwenda sawasawa, hiyo ndiyo yake. Akatoa funguo za duka. Nikanyoosha mkono. Mbiombio akanyoosha wake. Funguo zikapita katikati yetu, zikatua kwa mke wangu. Mkono ulioiendesha saa, Baba akasema, utaliendesha na duka.

Jumapili, 10 Machi

Nimetafakari. Saa niliyoichagua mimi ndiyo iliyonunuliwa, kwa hiyo nimeshinda. Meneja ni mke wangu, kwa hiyo nusu ya umeneja ni yangu. Mbiombio hana hata robo.

Meneja ameamuru masofa yote yatoke stoo kesho. Sawa. Baba kashaanza kutafuta saa ya ishirini, nami nimejitolea kuivaa kwa majaribio. Nyuma ya makabati nimeona kiti cha kubembea. Ukikaa tu, mkono unatikisika wenyewe.