Gauni, Nyani na Kiti cha Kinyozi

Jumanne, 4 Machi

Wageni wa filamu wamefika. Magari na vumbi kama harusi. Wanapiga picha za nyani wa machimbo ya zamani, wale wale wanaokula mahindi yangu bila shukrani. Mtangazaji wao ni yule mwigizaji tunayemwita Jemedari, ambaye kwenye sinema hupiga genge zima na shati lisichomoke kwenye suruali. Safari hii atakutana na wanyama porini, ana kwa ana, ili watu waone kumbe ana roho laini.

Nikajitolea kuwaongoza njia. Mkubwa wao, mama mmoja wa suruali na kofia, aliniuliza kama nina cheti. Nikamwambia nyani hao nimetukanana nao tangu sina mvi. Akasema asante mzee, mtu tunaye. Kugeuka, mtu mwenyewe ni Shemeji, kaka wa mke wangu! Kaki mpya, darubini shingoni. Huyu nyani huwajua kwa kusimuliwa.

Jumatano, 5 Machi

Kwa kinyozi. Pale pana televisheni moja na kiti kimoja chenye mikono mbele yake. Sisi wengine ni benchi, na benchi lina msumari. Shemeji nami tumekigombea kiti hicho tangu kinunuliwe. Leo ametangaza kwamba akishatoka kwenye filamu hataketi tena benchi moja na watu wasiojulikana. Nikasema na mimi nitatoka. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema mzee mwenzangu, kamera ile ni ya wanyama, kwa hiyo kweli huna haja ya kuhofu, utatoka.

Kinyozi akakata shauri. Filamu ikirushwa, sura itakayoonekana zaidi ndiyo yenye kiti, daima dumu. Asiyeridhika akanyolewe kwingine.

Alhamisi, 6 Machi

Raha tupu. Nimelala kifudifudi juu ya mwamba asubuhi nzima nikiwatazama. Jemedari akisogea hatua, nyani wanahama mwamba. Akiwaita kwa upole, wanampa mgongo, na mgongo wa nyani si kitu cha kumpa mgeni. Shemeji akawa anaeleza kwamba nyani wana haya. Haya, nyani!

Kila mwenye shamba huku anaujua ukweli. Nyani humkimbia mwanamume, mwanamke hawamjali hata chembe. Mke wangu akipalilia mstari huu, wao wanavuna ule. Nikichomoza mimi, mbio. Sasa kundi lile la wageni ni wanaume watupu, na mama wao kwa mbali ni mwanamume mfupi. Shemeji analijua jambo hili tangu utoto. Kaki imemsahaulisha.

Jioni kinyozi kaninyoa ndevu zote. Aliuliza nani kafa. Nikasema bado.

Ijumaa, 7 Machi

Siku yangu! Mke wangu alipokwenda sokoni nikatwaa gauni lake la maua ya njano na mtandio. Nikajitazama kwenye kioo. Sura inapita. Kifua hakipiti. Bibi wa umri ule hawezi kuwa bapa kama mlango, na nyani si wajinga. Nikatia mahindi mabichi, moja kila upande.

Nikaingia shambani chini ya miamba, nikainama na jembe mbele ya kamera. Nyani wakashuka. Madume, majike, vitoto migongoni. Wakanizunguka kama nimeleta habari za mjini. Jemedari akaona hapa ndipo. Akaja ananyata, akiiambia kamera kwamba moyo wake umetulia kabisa. Dume kubwa likageuka, likamwonyesha meno, basi. Jemedari akaruka mtaro ambao ng'ombe wangu huuzunguka. Alikutwa ndani ya gari, vioo juu. Shemeji alikuwa kamtangulia.

Kutoka humo garini Shemeji akapaza sauti: dada, toka huko, hao watakuuma! Nikampungia mkono, kidada hasa.

Kisha nikaketi chini kama bibi aliyechoka, na lile dume likanusa. Likaketi mapajani pangu, likaingiza mkono kifuani taratibu, kama mtu anayetafuta funguo zake, likatoa hindi la kushoto. Likala lote, likanitazama machoni, likarudia la kulia. Nimerudi nyumbani bapa, lakini maarufu. Yule mama wa kofia alitokwa na machozi, akanishika mikono, akauliza jina langu. Nikainamisha kichwa tu. Sauti ingeniumbua.

Gauni limechanika. Mke wangu kanipa sindano na uzi. Anasema hataki maelezo, anataka pindo linyooke.

Jumapili, 18 Mei

Filamu imerushwa. Kwa kinyozi hapakuwa na pa kuweka mguu. Jemedari alionekana mwanzoni akitembea, na mwishoni akitembea kwingine. Shemeji alitoka kiwiko. Nimekihakiki, ni chake, kina kovu. Katikati yote ni mimi! Mimi na nyani, nyani na mimi. Msimulizi akasema tazameni bibi huyu, wanyama wamemkubali kama mama yao mzazi. Watu wazima wakafuta macho.

Nikasimama, nikaelekea kitini. Kinyozi akauliza mzee waenda wapi. Nikasema kwenye kiti changu, yule bibi ni mimi. Walivyocheka, mmoja alilazimika kutolewa nje apate hewa. Shemeji akala kiapo kwamba siku ile alikuwepo, alimwona dada yake kwa macho yake mawili, na dada akampungia. Nikamgeukia kinyozi, shahidi wa ndevu zangu. Kinyozi akafuta wembe polepole. Akasema kazi yake ni kunyoa, si mahakama. Sura iliyoonekana zaidi ni ya mama wa gauni la njano, na mama huyo mtaa mzima unamjua. Akaagiza aitwe.

Mke wangu akaja. Akanitazama. Akaketi kitini. Wakamuuliza siri ya kukaa na nyani bila kuumwa. Akasema ni mazoea tu, ameolewa na mmoja. Kisha akaomba mpira uliofuata baada ya filamu uondolewe, awekewe tamthilia.

Jumatatu, 19 Mei

Nimelala usingizi mnono. Maana nani kashinda? Shemeji yuko benchi. Mimi niko benchi, lakini upande wa upepo. Kiti kiko nyumbani kwangu, kwa njia ya ndoa. Anayebisha alete kiwiko chake.

Na kuna jipya. Mwezi ujao wanakuja wageni wengine, na mwanamuziki wao, kuwapiga picha viboko wa bwawani. Shemeji keshapiga pasi kaki. Maskini. Nimemuuliza mke wangu, kwa mbali, kama na kiboko humwogopa mwanamume. Akasema kiboko hamwogopi mtu, awe wa suruali au wa gauni. Wanawake hawajui mambo haya.

Gauni la njano kalifungia kabatini na ufunguo kaondoka nao. Si neno. Mama mkwe ana la zambarau, pana kama hema. Kwa mnyama wa ukubwa ule, mahindi hayatatosha. Nimeshaagiza matikiti.