Mpango wa Hisabati Umenivua Nguo

Mwalimu Mkuu mheshimiwa,

Naiamkia ofisi yako kwa heshima, ingawa kwa umri wewe ndiye ungeniamkia mimi. Natumaini hujambo, walimu wenzako hawajambo, na ile kengele yenu iliyopasuka imeshapata fundi. Mimi ni yule fundi cherehani wa kibanda cha bati la bluu, mkabala na lango la shule. Ndimi mliyenipa kazi ya kushona sare mpya za darasa la kwanza, watoto arobaini na mmoja. Tena ni babu na mlezi wa mmoja wa hao arobaini na mmoja, msichana anayekaa dawati la mbele, asiye na jino la juu, ambaye nyumbani tunamwita Mkaguzi.

Wiki iliyopita Mkaguzi alileta karatasi yako. Umeandika kwamba mnapitia upya mpango wa hisabati ya darasa la kwanza, ule wa mwaka mzima, muhula kwa muhula, na kwamba sisi wazazi na walezi tutoe maoni bila kuficha. Haya, mmeyataka wenyewe. Nimekaa, nimefikiri, na malalamiko yangu ni saba. Nimeyahesabu mwenyewe, tena mara mbili.

La kwanza ni kuhesabu. Mpango wenu unasema muhula wa kwanza mtoto ahesabu "vitu vinavyomzunguka", kuanzia moja hadi ishirini. Kwani shule haina kokoto? Haina vifuniko vya soda? Kitu kinachomzunguka mjukuu wangu ni mimi. Daktari alinipa ruhusa ya kijiko kimoja cha sukari kwa kikombe. Kwa miaka mitatu mke wangu amekuwa akinitilia hicho kimoja mbele ya macho yake, nami nikijitilia vingine akigeuka kukata mkate. Siku moja Mkaguzi akavihesabu kwa sauti, kwa adabu zote, kama mlivyomfundisha: moja, mbili, tatu, nne. Alipofika nne bibi yake alikuwa amesimama nyuma yangu. Tangu hapo chai naletewa ikiwa imeshakorogwa, na kopo la sukari limehama, sijui liko wapi.

La pili. Baada ya kuhesabu mkawafundisha "kubwa kuliko" na "ndogo kuliko". Mwalimu, katika nyumba yenye amani kuna mambo hayalinganishwi. Mkaguzi alilitazama pande langu la nyama, akalitazama la bibi yake, akauliza kwa nini aliyepika ana dogo kuliko aliyekuwa amelala. Sikulala, nilikuwa nafikiri. Lakini hebu niambie, swali kama hilo mwanamume analijibu vipi mbele ya sahani? Mke wangu alicheka tu, na kicheko kile nakijua. Siku hizi pande langu halionekani bila miwani.

La tatu, kujumlisha. Shangazi yake Mkaguzi, binti yangu wa mwisho, dada wa marehemu baba yake Mkaguzi, alipata wageni wa heshima waliokuja kumposa. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mama wa upande wa pili akauliza umri. Shangazi akasema ishirini na tisa. Mkaguzi, aliyekuwa anagawa soda, akasimama na trei mkononi akafikiri, kisha akaeleza kwamba hata mwaka jana shangazi alisema ishirini na tisa, na ishirini na tisa ukiongeza moja ni thelathini. Akaongeza kwamba mwaka juzi pia. Nashukuru mchumba mwenyewe alicheka hadi akapaliwa na soda, na harusi ipo palepale, lakini shangazi mtu alikaa wiki nzima hamsemeshi mtoto. Jumla hiyo ingengoja darasa la tano ingepungukiwa nini?

La nne ni siku za wiki. Hapa sasa mmegusa mkate wangu. Sisi mafundi cherehani tuna neno letu moja, na neno hilo ni "kesho". Mteja akija, kesho. Akija kesho, kesho. Si uongo, mwalimu, ni lugha ya kazi, na wateja wanaijua, asiyeijua hujifunza. Sasa mwalimu wa darasa amewapa watoto kalenda wakachore mambo ya nyumbani kwao. Mkaguzi akaitundika yake kibandani kwangu, juu ya cherehani, na kila mteja akiambiwa kesho anaweka alama. Muuza mboga aliyeleta gauni lake lipunguzwe kiuno alizikuta alama zake kumi na tatu. Akasema gauni lisipunguzwe tena, maana kwa hizo kesho zote alizongoja kiuno chake kimeshalijaza chenyewe.

La tano, saa. Mlangoni pangu pana kibao: NARUDI BAADA YA DAKIKA TANO. Kimekaa pale miaka kumi na moja na hakijawahi kumdhuru mtu. Huwa nakitundika nikivuka kwa kinyozi kucheza drafti. Muhula wa pili mkafundisha mshale mrefu na mshale mfupi, basi Mkaguzi akaja hadi kwa kinyozi, akasimama kando ya drafti langu, akaniambia mbele ya wanaume wazima kwamba dakika tano zimeisha mara kumi na sita. Nilipoteza kete mbili kwa mshtuko. Kinyozi sasa hanipokei bila kuuliza nimeruhusiwa hadi saa ngapi.

La saba, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu, ni kupima urefu.

Mwalimu, unajua kilichotokea kuhusu sare, lakini hujui chote. Kabla ya likizo nilikuja darasani na tepu yangu, nikawapima watoto wote, mabega, mikono, viuno, nikaandika orodha, nakala nikakuachia. Likizo nikakata na kushona. Shule ilipofunguliwa nikaleta sare, na ukweli usemwe, hazikuwakaa. Mikono ilifika kwenye kucha. Kuna mtoto mmoja alitembea kuelekea mstarini, kaptula ikabaki ilipo. Wazazi wakazirudisha kibandani zikiwa furushi, na maneno waliyonipa nisingependa kuyaandika kwenye karatasi inayopita ofisi ya shule.

Mimi nikajitetea kwa ushahidi. Nikatoa orodha, nikapima sare mbele yao. Orodha inasema mkono inchi kumi na nane, shati lina inchi kumi na nane. Fundi hajakosea. Kama nguo ni sahihi na haimkai mtoto, basi kwa mujibu wa vipimo ni mtoto aliyepungua. Nikawaeleza kwamba jambo hilo hutokea, watoto wanakimbia sana wakati wa likizo, na wengine hawali mboga. Baba mmoja, dereva wa lori, alianza kukubali. Nilimwona anamtazama mwanawe kwa wasiwasi.

Ndipo Mkaguzi akaomba tepu yangu, ile niliyowapimia. Akainyoosha juu ya meza ya kukatia, kama alivyofundishwa wiki hiyohiyo, kwamba kupima huanzia sifuri. Akaitafuta sifuri. Haikuwepo. Akatafuta moja, haikuwepo, na mbili haikuwepo. Tepu yangu inaanzia tatu, mwalimu. Ncha yake ilikatika zamani, nadhani mwaka ule wa mvua nyingi, na mimi sikuona tofauti yoyote, kwa sababu niliyempima kwa tepu hiyo nilimkatia nguo kwa tepu hiyohiyo, na nguo ikamkaa. Balaa ni kwamba likizo hii mke wangu alininunulia tepu mpya akaitundika kwenye meza ya kukatia. Watoto nikawapima kwa ya zamani, vitambaa nikavikata kwa mpya. Mtoto akaweka tepu zote mbili pamoja mbele ya wazazi tisa, akasema kwa ile sauti yake isiyo na jino kwamba babu hakukosea kushona, ila kila kitu kimezidi tatu.

Dereva wa lori alimkumbatia mwanawe. Mimi nilitamani ardhi ipasuke, na ningependa iwe na upana wa kunitosha, wapime wao.

Sasa nimesikia kwamba Jumatatu kamati ya shule inakaa kuamua kama kazi ya sare ibaki kwangu au iende kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, yule mwenye cherehani ya umeme na kioo cha kujitazamia. Na asubuhi hiyohiyo, mpango wenu unasema, watoto watapimana mikono na kulinganisha na vipimo vya sare zao, na nakala ya orodha yangu mnayo! Yaani kamati itakuwa inakaa ofisini, na dirishani watoto arobaini na mmoja wanataja tatu, tatu, tatu. Nimeshona katika kibanda kile tangu wewe mwenyewe ulipokuwa unavaa kaptula, nyingine nilikushonea mimi. Nikinyang'anywa sare za shule iliyo mbele ya mlango wangu, nitakaa pale nikitazama watoto wanapita na mishono ya mtu mwingine. Sitaweza.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, napendekeza mpango mpya. Muhula wa kwanza wafundishwe namba moja. Ni namba nzuri, ina heshima, haina ugomvi na mtu, na ikifundishwa polepole inaweza kumaliza miezi mitatu. Muhula wa pili waongezewe mbili, wale walio tayari, kwa idhini ya maandishi ya wazazi. Kulinganisha kufutwe kabisa. Siku za wiki zibaki ila zisizidi leo. Saa ifundishwe kwa mshale mmoja. Kutoa sikulalamikia kwa sababu mke wangu amekuwa akiniondolea vitu bila kufundishwa na mtu. Kuhusu kupima, nashauri kufundishwe mtu akishaota mvi, kwa siri, mlango ukiwa umefungwa, na asiwepo mtoto karibu. Na Mkaguzi arudishwe muhula wa kwanza mara moja. Nina haraka na hili, maana mdogo wake anaingia shule mwakani, na nyumba yangu haiwezi kubeba wakaguzi wawili.

Nisalimie mwalimu wa darasa la kwanza, sina kinyongo naye, anafundisha vizuri kupita kiasi. Msalimie mlinzi wa lango, suruali yake ni kesho. Wasalimie wajumbe wa kamati mmoja mmoja, hasa yule aliyenitetea mwaka juzi. Mke wangu anakusalimu, shangazi wa thelathini na moja anakusalimu, na kinyozi anasema nywele zako zimefika wakati.

Ni mimi, mtiifu kwako na mwenye uchungu,
Fundi wa bati la bluu

Nyongeza. Mwalimu, usiifuate barua hii.

Nilimpa Mkaguzi akuletee. Akaomba aisome kwanza, kwani siku hizi karatasi haitoki kibandani bila yeye kuipitia. Maneno marefu yalimshinda, akarudi na jambo moja tu: babu amesema malalamiko ni saba, lakini yaliyomo ni sita. Nikamkatalia. Tukahesabu kwa vidole vyangu, kisha kwa vyake. Kweli, nimetoka la tano nikaingia la saba. Akaniuliza la sita lilikuwa lipi.

Nikajitia kutafuta tepu. Nikaikuta ile ya zamani shingoni mwa cherehani, imeshonewa ncha. Kipande cha kitambaa cha sare, kimechorwa kwa kalamu sifuri, moja, mbili, na vistari kati yake. Mkaguzi amekishona kwa mkono, mishono mikubwa, imekwenda upande. Nimekiweka juu ya tepu mpya, hakikosei hata kwa upana wa uzi. Tangu jana mchana tunafumua sare pamoja. Mimi nafumua na kushona upya, yeye anaandika: kumi na nane kutoa tatu, kumi na tano. Tumemaliza tisa, zimebaki thelathini na mbili, na anasema tukienda hivi Jumapili jioni zitakuwa zimekwisha. Amesema siku yenyewe, mwalimu. Hakusema kesho.

La sita nimelikumbuka. Mimi nilisoma darasa la kwanza mpaka muhula wa pili. Baba yangu akaugua, nikatolewa nikawekwa kwenye cherehani, miguu haifiki pedali. Kusoma nilijifunza mwenyewe kwenye magazeti ya kufungia nguo za wateja. Kupima ni muhula wa tatu, na mimi sikuufikia. Siku ile hakuna mtu aliyeiandikia shule barua.

Basi mpango wenu uacheni ulivyo, na somo la Jumatatu lifundishwe. Nitaleta sare zote, kamati iamue itakavyoona. Ikiwa mwalimu wa darasa hatajali, ningependa kukaa nyuma nisikilize. Nitakuja na kigoda changu, kwani Mkaguzi amepima madawati yenu akasema hayatanitosha.